Bastola ya Marehemu Babu

Ndugu msomaji, urithi una mambo. Wako wanaoachiwa shamba, na wako wanaoachiwa madeni. Katika nyumba moja ya Vingunguti, si mbali na machinjio, jamaa waliofungua sanduku la bati la bibi yao baada ya arobaini walikuta bastola chini ya khanga, imeviringishwa katika kipande cha turubai. Nami nilikuwapo, kwa kuwa marehemu alikuwa jirani yetu.

Ubishi ukazuka papo hapo. Mjomba mkubwa alisema kuwa bastola ile ni ya baba yake babu, aliyepewa na ofisa wa Kijerumani huko Tanga mwaka 1914. Kijana mmoja aliuliza bei yake. Mwingine alishauri ikatupwe Mto Msimbazi usiku. Aliyewashinda wote kwa busara ni shangazi: aliwatoa watoto chumbani, akafunga mlango, akamwita mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye akawaita polisi.

Askari polisi alipoifungua alikuta risasi moja ndani. Juu ya sanduku lile, ndugu msomaji, wajukuu walikuwa wakikaa kila jioni kufanya kazi zao za shule.

Risasi ilipokwisha kutolewa, tuliruhusiwa kuitazama mezani. Silaha ya vita husema umri wake yenyewe, maadamu hujaipiga msasa ukazifuta alama zake. Bastola za jeshi la Kijerumani za mwaka 1879 na 1883 zina fremu nzima isiyokunjika. Risasi huingizwa moja moja kupitia kijilango cha upande wa kulia. Za Waingereza huvunjika katikati kama kitabu kinavyofunguliwa, na maganda hutoka kwa pamoja. Ile ya mezani ilivunjika katikati. Kisa cha Tanga kikaanza kuyumba.

Hata hivyo Waingereza nao walipigana hapa katika vita vya 1914 hadi 1918. Bastola yao mashuhuri ya vita hivyo ni Webley ya toleo la sita, iliyoidhinishwa mwaka 1915: kubwa, nzito, yenye mtutu wa inchi sita. Hii yetu ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Upande wa kulia wa fremu, chini ya nyundo, palichorwa taji, neno ENFIELD, alama ya No. 2 Mk I yenye nyota, na mwaka: 1941. Aina hiyo ya Enfield ilianza kutumika mwaka 1932, na ile yenye nyota, ambayo nyundo yake haina kijipembe cha kuvutia kwa kidole gumba, ilifuata mwaka 1938. Basi haikuwezekana kabisa kuwa ilikuwapo Tanga mwaka 1914.

Mjomba alinyamaza kwa muda. Kisha akakumbuka kwamba babu mwenyewe alikuwa askari wa Keya, na kwamba alikwenda Burma, ambako mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika Bonde la Kabaw. Babu hakupenda kuyasimulia mambo hayo. Watoto wake waliokosa kisa cha baba yao walijitungia cha babu yao.

Palikuwa na alama moja zaidi: mshale mpana, ambao ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Silaha iliyouzwa kihalali kutoka jeshini aghalabu hupigwa mishale miwili inayoelekeana ncha kwa ncha. Hapo palikuwa na mmoja tu. Tena bastola kwa kawaida ilikuwa silaha ya maofisa. Askari wa kawaida alishika bunduki, kama unavyomwona yule wa Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji letu, akiwa na bunduki yenye singe. Jinsi bastola ile ilivyofika Vingunguti, babu amekwenda na siri yake.

Funzo ni nini? Kwanza, ukikuta silaha ya urithi, usiiguse wala usijaribu kifyatulio chake, na usiipakie kwenye daladala kuipeleka kituoni. Waite polisi waje waichukue. Uzee wa silaha haukupi ruhusa ya kukaa nayo: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kumiliki silaha bila leseni ni kosa. Umoja wa Afrika nao uliutenga mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na muda wa mpango huo umeongezwa hadi mwaka 2030. Usisubiri Septemba, lakini.

Pili, chuma si kumbukumbu. Polisi waliichukua bastola, na mjomba alisikitika kana kwamba amezikwa mtu wa pili. Lakini kabla haijaondoka, shangazi alinakili alama zote katika daftari la mjukuu, na chini yake akaandika jina la babu, kikosi chake na neno Burma. Huo ndio urithi unaoweza kulazwa chumba kimoja na watoto.

Wazee wenu walio hai, ndugu msomaji, waulizeni leo.