Mafuta si Mzigo

Ukisema kwamba kuna wanasayansi wanaokuza mafuta ya binadamu maabarani, wengi hushangaa. Mafuta yamejaa tele, watasema. Kliniki za urembo huyafyonza na kuyatupa kila siku, ya nini kugharamia mengine? Nadhani hoja hii imejengwa juu ya dhana moja potofu: kwamba mafuta ya mwilini ni mzigo tu.

Yangekuwa mzigo, kuyatua kungemponya mtu. Mwaka 2004 Samuel Klein na wenzake wa St. Louis, Marekani, walitoa matokeo ya wanawake 15 wanene waliofyonzwa mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo, takriban kilo 10 kila mmoja. Saba kati yao walikuwa na kisukari. Wiki 10 hadi 12 baadaye miili yao iliipokea insulini vilevile kama mwanzo, na shinikizo la damu halikushuka. Na wapo wanaozaliwa karibu bila mafuta kabisa: hao hupata kisukari kikali, kwa kuwa mafuta ya chakula yakikosa pa kukaa hujazana kwenye ini na misuli. Tangu 1994, ilipogunduliwa leptini, homoni ambayo seli za mafuta hutuma kuuarifu ubongo hali ya akiba, haifai tena kuyaita mafuta ghala tu. Ni kiungo kamili, na huugua.

Basi kwa nini tusichunguze yale yanayotupwa? Kwa sababu seli ya mafuta iliyopevuka hubeba tone moja kubwa la mafuta, na huelea. Ukiitia kwenye sahani ya maabara hupanda juu badala ya kushika chini, na haidumu. Ndiyo maana kwa miongo mingi watafiti wameegemea seli za kiinitete cha panya zilizoandaliwa na Howard Green miaka ya 1970. Zimetufundisha mengi mno, lakini hujaza vitone vidogo vingi badala ya tone moja. Tena ni za panya.

Katika Chuo Kikuu cha Tufts, kundi la David Kaplan lilipita njia nyingine. Vifukofuko vya viwavi wa hariri huchemshwa, protini yake ikayeyushwa na kumwagwa juu ya punje za chumvi. Chumvi ikioshwa hubaki sponji yenye vitundu. Humo hupandwa seli zilizotoka kwenye mafuta yaleyale ya kufyonzwa, na zikishikwa na kuta za hariri haziwezi tena kuelea.

Ni kweli tishu hiyo bado haina mtandao kamili wa mishipa ya damu wala neva, na anayeidai kuwa sawa na tumbo la mtu anatia chumvi. Lakini hakuna mgonjwa atakayekubali kukatwa tumbo kila wiki ili tuone mafuta yake yanavyoanza kuikataa insulini. Sponji ile inaweza kufunguliwa hata kesho, na keshokutwa nyingine ya seli za mtu yuleyule.