Ukumbi wa Elimu: Kwa Nini Molekuli ya Maji Imepinda

Mwanafunzi wa kemia anayekariri maumbo ya molekuli hukwama akiletewa asiyoijua katika mtihani. Heri ahesabu jozi za elektroni. Mwaka 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm wa University College London waliieleza kanuni yake: jozi zinazoizunguka atomu ya kati husukumana, kila moja ikajitenga na wenziwe kadiri iwezavyo.

Katika methani jozi 4 zote zimeunganisha haidrojeni, na pembe baina yao ni nyuzi 109.5. Amonia ina jozi pweke 1, isiyounganisha kitu. Hiyo hutanda zaidi na kuzibana nyingine hadi nyuzi 107. Maji yana jozi pweke 2, na pembe hushuka hadi nyuzi 104.5.

Kwa kupinda huko, upande wa oksijeni huwa hasi na wa haidrojeni chanya. Ndipo maji yakaweza kuyeyusha chumvi.

Basi mzazi, mwanao akikwama, mwulize: jozi ni ngapi, na pweke ngapi? Tukutane mwezi ujao, inshallah.