Kichwa cha nyati si cha kuchemshiwa jikoni

Jumamosi moja bwana mmoja kutoka Lang'ata alifika katika kliniki yangu hapa katikati ya jiji akikohoa, macho mekundu, kifua kikimbana. Alikuwa amechemsha kichwa cha nyati kwa sufuria ya nyumbani ili apate fuvu la kutundika sebuleni. Fuvu lilipokataa kuwa jeupe, alichanganya Jik na asidi ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huunguza mapafu.

Alipopata nafuu nilimuuliza, "Bwana, huyo nyati alikufa kwa nini?" Hakujua. Aliukuta mzoga upande wa Kajiado, akadhani ni ukame.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko Jik. Ng'ombe anayechinjwa Dagoretti hukaguliwa kabla nyama yake kuuzwa. Mnyama aliyejifia porini hana cheti cha kifo. Julai 2019 ugonjwa wa kimeta uliwaua nyati katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Mzoga wa kimeta ukipasuliwa, viini hupata hewa na kujifunika gamba gumu, vikaweza kukaa udongoni miaka mingi. Ndiyo maana madaktari wa mifugo husisitiza kwamba mzoga kama huo usifunguliwe kamwe. Uchomwe au uzikwe kwa kina.

Anayekwangua nyama kwenye mfupa huhitaji mchubuko mdogo tu kidoleni. Huanza kipele kinachowasha, kisha kidonda chenye kovu jeusi katikati, ambacho kwa kawaida hakiumi. Kwa kuwa hakiumi, wengi hukipuuza. Kikiwahiwa, hutibika kwa dawa za viuavijasumu. Viini vikivutwa pamoja na vumbi hadi mapafuni, mambo huwa mabaya zaidi.

Sheria nayo iko wazi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki fuvu la mnyama wa porini bila kibali, hata kama hukumuua wewe. Ukikuta mzoga, usiuguse; wajulishe maafisa wa KWS.

Wapenda mafuvu sina ugomvi nao. Anayetaka pambo na achukue kichwa cha ng'ombe kilichokaguliwa. Afanyie kazi nje, avae glavu na miwani, mfupa aukwangue ukiwa majimaji ili usitoe vumbi, na sufuria hiyo isirudi jikoni tena. Jik isichanganywe na kitu chochote ila maji. Watoto na mama wajawazito wakae mbali.

Anayetamani kuona mafuvu ya nyati na ndovu, Makavazi ya Kitaifa hayako mbali na katikati ya jiji. Huko mifupa hushughulikiwa na watu waliosomea kazi hiyo.

Na wewe uliyekwisha kugusa mzoga kisha ukaona kidonda cheusi mkononi, usingoje kiume. Nenda hospitali leo, na umwambie daktari ulichogusa. Asipoambiwa, huenda asikifikirie kimeta.