Sukari ya mjamzito isisubiri mwezi wa sita

Katika jamii yetu mimba changa ni siri. Mwanamke hutakiwa anyamaze mpaka tumbo lijioneshe lenyewe. Wazee walikuwa na sababu zao: mimba nyingi huharibika katika miezi ya mwanzo, na hakuna aliyependa kutangaza furaha ambayo huenda ingegeuka msiba. Lakini desturi hiyo sasa inatugharimu, hasa kwa ugonjwa ambao sisi tuliosomea Tanzania tuliuzoea kwa jina la kisukari, na ambao hapa Rwanda wengi huuita diyabete.

Hoja yangu ni moja. Sukari ya mjamzito ipimwe siku ya kwanza anapofika katika kituo cha afya, na siku hiyo iwe kabla ya wiki 12 kwisha.

Wengi wanaamini kisukari cha ujauzito ni jambo la mwezi wa sita. Ni kweli kwamba kipimo cha kunywa maji ya glukosi hufanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa sababu ndipo homoni za kondo la nyuma zinapopunguza nguvu ya insulini ya mama. Lakini wapo wanawake wanaoshika mimba wakiwa tayari na kisukari, wengine bila kujua. Kwa hao, mwezi wa sita ni kuchelewa. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na moyo nao huumbika katika majuma hayo hayo. Wakati huo mama ndiyo kwanza anajiuliza mbona hajaona siku zake. Sukari ikiwa juu sana, hatari ya mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa na kasoro huongezeka.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mjamzito huchukuliwa damu kwa ajili ya VVU na kaswende. Tone moja la kupima sukari haliongezi maumivu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, mjamzito ambaye hajala akikutwa na 126 mg/dl au zaidi, huyo ana kisukari kamili. Kati ya 92 na 125 ni kisukari cha ujauzito. Mkojo peke yake hautoshi, kwani katika ujauzito figo huweza kupitisha sukari hata kama ile ya damu ni ya kawaida.

Je, akishagundulika afanye nini? Kwanza aachane na ule usemi wa kula kwa ajili ya wawili. Asijinyime chakula, ila apunguze soda, uji uliojaa sukari na sahani iliyofurika ndizi, viazi au ugali wa muhogo. Nusu ya sahani iwe mboga kama dodo, na maharage, mayai au dagaa visikosekane. Atembee baada ya kula, kama mganga hakumkataza. Lengo la kawaida ni sukari kuwa chini ya 95 kabla ya kula asubuhi, na chini ya 120 saa mbili baada ya chakula.

Chakula kisipotosha, insulini hutumika. Hapa pana uvumi unaoua. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akijichoma insulini aliacha alipojua ana mimba, akihofia kumdhuru mtoto. Muuguzi alimweleza ukweli: insulini haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto, inayovuka ni sukari. Lakini anayejichoma insulini huku akitapika kila asubuhi anaweza kushukiwa na sukari ghafla, hivyo awe na kitu kitamu karibu na amweleze daktari mapema. Na aliye na kisukari tangu zamani amwone daktari kabla ya kushika mimba, maana baadhi ya dawa zake, hasa za shinikizo la damu, huenda zikabadilishwa, na vidonge vya foliki asidi vinapaswa kuanza mapema.

Nitaambiwa kwamba vijiti vya kupimia ni ghali. Sikatai. Lakini upasuaji wa kumtoa mtoto aliyekua kupita kiasi, na siku za kumlaza mtoto mchanga aliyeshukiwa na sukari, ni ghali zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wizara ihakikishe kipimo hiki hakiwi cha kubahatisha, kwamba kituo kimoja kinacho na kingine hakina.

Nasi wananchi tuna letu. Wapo akina mama wanaochelewa kwa kumsubiri mume apate nafasi ya kufuatana nao. Waume, tafuteni nafasi hiyo mapema. Na isipopatikana, mama aende. Siri ya mimba mnaweza kuwaficha majirani mpendavyo, lakini mshauri wa afya wa kijiji, umujyanama w'ubuzima, asifichwe. Na wewe mama, ukifika kituoni uliza: sukari yangu ni ngapi? Una haki ya kujibiwa.