Kimulimuli Si Pambo la Cheo

Barabara itokayo Rusumo kwenda Lusahunga, ikipita jirani na Lukole wilayani Ngara, ni mshipa wa biashara baina ya nchi yetu na majirani zetu. Usiku na mchana malori yenye shehena hupita humo kwenda Rwanda na kurudi, nao waendao kwa miguu na kwa baiskeli hawana njia nyingine. Katika barabara ya namna hiyo gari la wagonjwa halina namna ya kuomba njia isipokuwa kwa king'ora chake na taa yake ya kumulika. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu leo kulizungumza jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni maana ya taa za rangi, na dhima ya wale waliokabidhiwa kuzitumia.

Taa hizi hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Polisi wa London walianza kutundika taa ya buluu milangoni mwa vituo vyao mwaka 1861, ili mtu aliyefikwa na shida usiku autambue mlango wa kubisha. Rangi nyekundu tangu zamani ni rangi ya hatari na ya kusimamisha. Iko nyuma ya kila gari na katika taa za kuongozea magari njia panda. Buluu haichanganyiki na hizo, na tena jicho la mwanadamu gizani huitambua buluu kwa wepesi kuliko nyekundu. Ndiyo maana nchi nyingi zimewapa rangi hiyo polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa, mara nyingine ikiandamana na nyekundu. Njano aghalabu hupewa magari ya kutengeneza barabara na ya kuvuta magari mabovu. Hiyo huwataka watu wachukue tahadhari, wala haimpi dereva haki ya kupishwa.

Ni kweli kwamba desturi za nchi hazifanani. Huko Marekani kila jimbo lina kanuni zake za rangi. Hapa kwetu, dereva anayevuka daraja la Rusumo hana budi kubadili upande, maana Tanzania tunaendesha kushoto na Rwanda wanaendesha kulia. Lakini taa inayomulika juu ya gari la wagonjwa husomwa vile vile pande zote mbili za mto Kagera: humo ndani mna mtu ambaye dakika zake zinahesabika, nawe tafadhali mpishe.

Ombi hilo lina nguvu ya sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila mtumiaji wa barabara kuyapisha magari ya dharura. Hata hivyo, askari hawezi kusimama kila kona kuhakikisha kwamba dereva wa lori amekaa pembeni. Dereva hupisha kwa kuwa anaamini. Anaamini kwamba taa ile haisemi uongo. Imani hiyo ikiondoka, sheria inabaki kitabuni na mgonjwa anabaki barabarani.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kwa miaka kadhaa sasa Jeshi la Polisi limelazimika mara kwa mara kuwaonya watu wenye magari binafsi waliofunga vimulimuli na ving'ora bila ya kuruhusiwa. Mfanyabiashara huvinunua dukani kama anunuavyo zulia la gari. Mwingine ana wadhifa mdogo tu, lakini hawezi kwenda mkutanoni bila ya kuwatimua wenzake barabarani. Mwananchi anayesukumwa kando leo, akaona kwamba aliyemo garini anawahi karamu, kesho atasitasita. Na kesho hiyo huenda garini akawamo mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Murgwanza. Hasara ya ubishi wa mtu mmoja mjini hulipwa na mnyonge aliye mbali, ambaye hata hajui deni lake lilitoka wapi.

Chama chetu kimewafundisha wanachama wake kwamba cheo ni dhamana. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau kwa watu anaowaongoza. Hatuoni namna mafundisho hayo yanavyoweza kukaa pamoja na kimulimuli cha kujitafutia njia sokoni. Yako magari ya viongozi yanayosindikizwa kwa mujibu wa sheria na kwa sababu za usalama. Hayo hatuna neno nayo. Tunamsema yule anayeazima nuru ya mgonjwa ili aonekane mkubwa.

Wananchi wa Lukole wana historia inayoweza kutufunza. Katika miaka ya 1990 wilaya ya Ngara ilipokea umati wa wakimbizi kutoka Rwanda na Burundi, na Lukole ikawa kambi kubwa ya Warundi hadi ilipofungwa mwaka 2007. Wakati huo watu wengi wasiojua kusoma walijifunza haraka kuzisoma alama. Waliujua msalaba mwekundu, alama inayolindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, na inayokatazwa kutumiwa ovyo. Walikimbilia palipo na alama ile kwa sababu walipofika walimkuta mtu wa kuwahudumia.

Vile vile majambazi walisumbua sana katika mapori ya Ngara na Biharamulo, hata mabasi yakawa yanasindikizwa na askari wenye silaha. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, iliongeza polisi katika kambi. Mwenyeji na mkimbizi kwa pamoja walikuwa wanahitaji jambo moja: kujua mahali pa kukimbilia usiku, na kumkuta mtu macho. Taa ya kituo isiyo na askari chini yake ni sawa na kiini macho, na kituo chenye askari lakini kimezama gizani kinamficha mlinzi kwa anayemtafuta.

Mkoa wa Kagera, pamoja na mapori hayo, una ziwa. Ndugu zetu wa Bumbire na Goziba, na majirani zao wa Ukerewe na Ukara, husafiri pia kwa njia ya maji. Huko majini taa za rangi ni zile za vyombo: nyekundu ubavu wa kushoto, kijani ubavu wa kulia, nyeupe nyuma. Anayezijua huweza kutambua gizani chombo kinaelekea upande gani. Fataki nyekundu na moshi wa rangi ya machungwa ni kilio cha anayeomba msaada. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakapotea watu zaidi ya 220. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo walifariki 19. Siku hiyo waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, bila king'ora wala kimulimuli. Tunawapongeza, lakini ushujaa wa wavuvi usiwe kisingizio cha kutowaweka waokoaji karibu na maji.

Basi tunawaomba wahusika mambo matatu. Kwanza, operesheni za kuondoa vimulimuli visivyo halali zianzie kwenye magari ya wenye nafasi, ili mwananchi aone kwamba sheria haichagui. Pili, kila kituo cha polisi, cha bara na cha kisiwani, kiwe na taa inayowaka usiku kucha na askari wa zamu chini yake. Tatu, maana ya taa hizi, za barabarani na za majini, ifundishwe shuleni, mialoni na katika mikutano ya vijiji.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Tukiiona taa ya buluu nyuma yetu tukae pembeni mara moja, hata kama tuna mashaka na aliyemo. Ni afadhali kumpisha mwongo mmoja kuliko kumzuia mgonjwa mmoja. Lakini kazi ya kumwondoa yule mwongo barabarani ni ya Serikali, na haifai kungoja.