Nyumba ya mfanyabiashara isionekane mtandaoni

Wapo wafanyabiashara wa mipakani wanaoweka tovuti zao kwenye kompyuta iliyo nyumbani. Ninawaunga mkono, maana orodha ya wateja, oda na madeni ni siri ya biashara. Ninachopinga ni kufungua mlango kwenye ruta ya nyumbani ili wateja waingie moja kwa moja.

Ukifanya hivyo, mtu yeyote anaweza kujua anwani ya intaneti ya nyumba yako. Anwani hiyo haitaji namba ya nyumba, lakini hutaja kampuni inayokupa intaneti na mara nyingi mji uliopo. Kwa mtu anayelala na marobota ya vitenge chumbani, hilo si jambo dogo. Tena mwenye kinyongo akiifurika anwani hiyo kwa maombi ya uongo, intaneti ya nyumba nzima inakatika.

Dawa yake ni kukodi seva ndogo iliyo mbali, kwa dola chache kwa mwezi. Weka WireGuard, programu ya bure, pande zote mbili. Kompyuta ya nyumbani ndiyo inayoitafuta seva, kwa hiyo ruta haifunguliwi, na njia hii hukubali hata kwa laini ya simu. Kisha jina la tovuti lielekezwe kwenye seva. Mteja wa Kampala ataona anwani ya seva. Nyumba yako ya Bukoba haitaonekana.

Ila kuna mtego. Usimbaji ukifunguliwa kwenye seva, mwenye mtambo anaweza kusoma oda zote, nawe utakuwa umemkabidhi mgeni daftari lako. Seva ipitishe tu. Cheti cha usalama na ufunguo wake vibaki nyumbani. Let's Encrypt hutoa vyeti bure. (Na anayedhani hapa atamkwepa mtoza ushuru asijisumbue: aliyekukodisha seva anakujua.)

Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Taarifa za mteja zikivuja, utaulizwa wewe.

Gharama isiwe kisingizio. Seva moja inaweza kupitisha tovuti nyingi, kila moja na ufunguo wake nyumbani kwa mwenyewe. Vyama vya wafanyabiashara wa Busia, Namanga na Mutukula vinavyochangishana kukodi lori vinaweza kuchangia na hili, mradi fundi wa kuitunza seva alipwe kila mwezi, si siku inapoharibika tu.