Mpishi wa waziri atalala wapi?

Serikali inapotangaza kuhamisha makao makuu, magazeti hujaa picha za Bunge jipya, Ikulu mpya na barabara pana. Myanmar ilipohamia Naypyidaw mwaka 2005 ilijenga barabara yenye njia 20, na wageni bado huipiga picha ikiwa haina magari. Ni nadra kuona picha ya nyumba ya fundi aliyepanga matofali ya Bunge hilo.

Brazil ndiyo iliyolipata mapema somo la kumsahau fundi huyo. Rais Juscelino Kubitschek aliingia madarakani mwaka 1956 akiwa ameahidi kuutoa mji mkuu Rio de Janeiro na kuupeleka bara, jambo lililokuwa limeandikwa katika katiba tangu 1891. Lúcio Costa alichora ramani ya mji, Oscar Niemeyer akabuni majengo, na tarehe 21 Aprili 1960 Brasília ikazinduliwa. Kwa kasi, hakuna wa kuwalaumu.

Waliobeba zege walikuwa makumi ya maelfu ya vibarua, wengi wao kutoka majimbo makavu ya kaskazini-mashariki. Wapangaji walidhani kazi ikiisha watafungasha na kurudi makwao, kwa hiyo fleti nzuri za mjini zikatengewa watumishi wa umma waliohamishwa kutoka Rio. Vibarua hawakurudi. Nani angeacha mji wenye ajira akarudie ukame? Wakajijengea vibanda, wakadai viwanja, na mwaka 1958 serikali ikalazimika kuanzisha kitongoji cha Taguatinga. Yaani mji wa pembezoni ulitangulia kuzinduliwa kwa mji wenyewe! Mwaka 1971 ikaja kampeni ya kuondoa makazi holela, na takriban watu 80,000 wakahamishiwa Ceilândia, mbali na ofisi walizozijenga. Leo Ceilândia ina wakazi wengi kuliko ule mji uliochorwa na Costa, ambao UNESCO iliuweka katika urithi wa dunia mwaka 1987.

Nigeria ilikuwa na nafasi ya kutazama na kujifunza. Amri ya kuanzisha Abuja ilitolewa mwaka 1976, na serikali ikahamia rasmi Desemba 1991. Ardhi ilikuwa ya Wagbagyi na majirani zao, na hadi leo migogoro ya fidia haijaisha. Katika miaka ya 2000 matingatinga yalivunja vitongoji kwa hoja ya kuurudisha mji kwenye ramani yake. Watunza bustani, madereva na makarani wakasukumwa Nyanya na Mararaba, na kila alfajiri hupambana na foleni kuingia katika mji ambao bila wao hauendi.

Dodoma ina bahati ambayo haisemwi vya kutosha. Uamuzi wa chama cha TANU wa kuhamishia makao makuu ya Tanzania huko ulikuwa wa 1973, lakini sehemu kubwa ya serikali ilianza kuhamia baada ya tangazo la Rais Magufuli mwaka 2016. Ucheleweshaji huo ulichekwa kwa miaka mingi, ila uliupa mji muda wa kuwa na masoko, vyuo na wenyeji kabla ya wizara kufika. Tena ramani ya mwaka 1976 ilikataa fahari za Brasília: ilitaka mitaa ya makazi iliyounganishwa kwa mabasi, na njia za waenda kwa miguu na baiskeli.

Mji wa Serikali wa Mtumba, hata hivyo, uko zaidi ya kilomita 15 kutoka katikati ya mji. Katibu mkuu ana gari na dereva. Mfagizi anayepaswa kufika kabla yake ana daladala, na nauli yake hutoka katika mshahara uleule. Viwanja vya bei anayoimudu vipimwe sasa karibu na Mtumba, vikiwa na maji, shule na kituo cha basi, kabla madalali hawajaimaliza ardhi hiyo.